Makumbusho ya Matterhorn pale Zermatt: maswali ambayo watu hawaachi kuuliza

Haya ndo maswali ninayoulizwa sana na watu wanaopanga kwenda Zermatt, au wale walioona picha ya ule mlima wenye ncha iliyopinda wakataka kujua kuna nini pale zaidi ya theluji. Penye mengi nimeandika mengi, pasipo na mengi nimepita haraka. Na niseme mapema ninapoegemea: wageni wengi wanaingia mle ndani kuona kamba iliyokatika, wanaipiga picha, wanatoka, na mimi naona wanaiacha hadithi yenyewe nyuma yao, yaani hadithi ya wanakijiji waliobeba mizigo ya wageni na majina yao yakaandikwa mwisho.

Zermatt ni wapi hasa?

Uswisi, jimbo la Valais, kusini kabisa karibu na mpaka wa Italia. Kijiji kiko mita kama 1,600 juu ya usawa wa bahari, mwisho wa bonde, ukipita hapo unakutana na milima tu. Wenyeji wanaongea Kijerumani cha kwao cha milimani ambacho hata Mjerumani wa Berlin anakisikiliza kwa shida. Jina lina maana ya "kwenye malisho", na Matterhorn ni pembe iliyo juu ya hayo malisho, ila Waitaliano wa upande wa pili wana jina lao tofauti kabisa, wao wanauita Cervino.

Makumbusho yenyewe yakoje? Nasikia yako chini ya ardhi?

Ndiyo, yako chini ya ardhi. Yapo karibu na kanisa la parokia la Mtakatifu Mauritius, na kwa nje unachoona ni paa la kioo tu. Unashuka ngazi, halafu unajikuta kwenye kijiji kizima kimejengwa upya huko chini, nyumba za mbao zilizokuwa nyumba kweli, na unapita ndani yake moja baada ya nyingine. Wazo lao ni kwamba kijiji cha zamani kimefukiwa na wewe ndo unakifukua, na jina lao la pili ni Zermatlantis, yaani Zermatt na Atlantis, ule mji wa hadithi uliozama. Yalifunguliwa hivi mwaka 2006, ila kabla ya hapo kulikuwa na makumbusho ya milima ya zamani zaidi kwenye jengo lingine.

Mimi ule mpangilio naupenda kwa sababu moja, huanzi na mlima. Unaanza na jiko, kitanda kifupi, vyombo vya maziwa, viatu vya mtu aliyelima. Mlima unakuja baadaye, kama ulivyokuja baadaye kwenye maisha ya wale watu wenyewe.

Hiyo kamba kila mtu anayoisema ni kamba gani?

Haya, hapa tukae kidogo.

Tarehe 14 Julai 1865, watu saba walifika kilele cha Matterhorn kwa mara ya kwanza, saa saba na dakika arobaini mchana. Aliyekuwa na kiu nao kuliko wote ni Edward Whymper, Mwingereza wa miaka 25, kazi yake kuchonga picha za vitabu, alikuwa ameshajaribu mara nyingi akashindwa. Pamoja naye walikuwepo mchungaji Charles Hudson, Lord Francis Douglas aliyekuwa na miaka 18, na kijana wa miaka 19 anaitwa Douglas Hadow ambaye milima mikubwa hakuwa na uzoefu nayo mwingi. Waongoza njia walikuwa watatu: Michel Croz kutoka Chamonix upande wa Ufaransa, na wenyeji wawili wa Zermatt, baba na mwana, wote wanaitwa Peter Taugwalder.

Wakati wa kushuka walijifunga pamoja. Mbele Croz, kisha Hadow, kisha Hudson, kisha Douglas, kisha Taugwalder baba, Whymper, na mwisho Taugwalder mtoto. Hadow akateleza akamgonga Croz, wote wawili wakaanguka, wakamvuta Hudson, na Hudson akamvuta Douglas. Taugwalder baba alikuwa ameshika mwamba, akajikaza, na kamba kati yake na Douglas ikakatika. Wanne wakaenda chini ukuta wa kaskazini zaidi ya mita elfu moja mpaka kwenye barafuto, yaani mto wa barafu. Miili mitatu ilipatikana, wa Lord Francis Douglas haujapatikana mpaka leo.

Kipande cha ile kamba ndo kipo kwenye kabati la kioo. Ni chembamba. Ukiwa na picha kichwani ya kamba nene ya meli utashtuka, maana ile ni kamba ambayo ungefungia mzigo kwenye baiskeli.

Basi ni kweli kwamba Taugwalder aliikata kwa kisu?

Hapana. Na hili swali linaniumiza kila nikiulizwa, miaka zaidi ya 150 imepita na bado lipo.

Maneno yalianza muda mfupi tu baada ya ajali, kwamba mzee aliikata ili ajiokoe, na wengine wakasema alichagua kamba dhaifu makusudi. Kulifanyika uchunguzi rasmi pale pale Zermatt, ukiongozwa na Josef Anton Clemenz, ambaye mwenyewe alikuwa na hoteli kijijini. Mzee hakuonekana na hatia. Whymper naye aliandika wazi kwamba kamba haikukatwa, ilikatika, ila akaacha maswali juu ya kwa nini ilitumika ile dhaifu kuliko zote walizokuwa nazo, na hayo maswali ndo yalimfuata mzee kila alipokwenda. Sasa fikiria, kamba zilikuwa za msafara mzima, Whymper ndo mwenye mipango, lakini lawama ikamwangukia mkulima ambaye hakuwa na kitabu cha kujitetea. Mwingine alikuwa na kalamu na wasomaji London.

Na kitu ambacho watu wanasahau, ni yule yule mzee aliyejikaza kwenye mwamba, la sivyo wangekwenda saba. Kamba ikiwa nene siku hiyo huenda leo tusingekuwa na mtu wa kutusimulia chochote.

Taugwalder baba baadaye aliondoka akaenda Marekani, akarudi, akafa 1888 pale Schwarzsee, chini kabisa ya mlima ule ule. Mtoto wake aliishi mpaka 1923 na aliendelea kupandisha watu. Whymper alifia Chamonix 1911.

Kwa hiyo ukisimama mbele ya lile kabati, nakuomba usiangalie tu mahali ilipokatika. Angalia unene wake, halafu jiulize kosa lingewezaje kuwa la mtu mmoja.

Kwani Waitaliano hawakuwa wamewahi?

Karibu. Jean-Antoine Carrel kutoka Valtournenche, upande wa Italia, alikuwa anapanda na wenzake siku zile zile. Whymper akiwa kileleni aliwaona chini wakiwa bado wanahangaika, akawapigia kelele na kurusha mawe ili wajue wamechelewa, wakageuka. Carrel alirudi akafika juu tarehe 17 Julai, siku tatu baadaye, kwa njia ngumu zaidi. Kwa maoni yangu Carrel ndiye aliyeujua ule mlima kuliko wote, lakini wa pili hasemwi sana.

Kabla ya watalii watu wa pale waliishi vipi?

Kwa shida, na kwa akili nyingi. Mwaka 1850 hawakufika hata watu 400. Walikuwa na ng'ombe, mbuzi, kondoo, viazi, na rai ambayo ni nafaka inayovumilia baridi, mkate wake ulikuwa unaokwa kwa zamu kwenye tanuri la kijiji mara chache tu kwa mwaka halafu unakaushwa na kuliwa miezi na miezi. Ng'ombe wanapandishwa malisho ya juu kiangazi, wanashushwa baridi ikianza, na familia inahama nao nyumba hadi nyumba. Theluji ikifunga bonde, imefunga.

Ukitaka kuona akili yao angalia maghala. Yamejengwa kwa mbao za mti unaoitwa lachi, jua limezichoma mpaka zimekuwa nyeusi, na yamesimama juu ya miguu mifupi. Kati ya mguu na ghala kuna jiwe la duara, bapa, pana kama sinia. Lile jiwe kazi yake ni panya: anapanda mguu vizuri, akifika kwenye jiwe hawezi kutembea kichwa chini, anarudi alikotoka. Hakuna msumari wa ajabu wala dawa, jiwe tu. Mengine yamesimama tangu karne za 16 na 17.

Na mambo ya hoteli yaliletwa na nani?

Mwanzoni wageni wachache waliokuja, wengi wao watu wa sayansi wanaotafuta mawe na mimea, walilala kwa padri. Mwishoni mwa miaka ya 1830 daktari wa kijiji, Lauber, akafungua nyumba ndogo ya wageni. Halafu mwaka 1853 akatokea Alexander Seiler, mtu wa bonde lingine la jimbo hilo hilo, fundi wa kutengeneza sabuni, akaikodi ile nyumba, akaikuza, ikawa hoteli ya Monte Rosa. Whymper na wenzake walitokea hapo hapo asubuhi ya tarehe 13 Julai. Baada ya ajali kila mtu Ulaya alilijua jina la Zermatt. Inasikitisha kusema ila vifo vya wale wanne ndo vilivyojaza vitanda.

Kisa cha Seiler na wanakijiji ndo kipande ninachokipenda kuliko vyote kwenye historia ya hoteli. Seiler alikuwa tajiri, ameajiri watu, ameleta wageni, akaomba awe mwenyeji kamili wa jumuiya ya Zermatt, yaani apate haki kwenye misitu na malisho ya pamoja. Hiyo ilikuwa 1871. Wakamkatalia. Kesi ikavutana miaka 18, akaipata haki yake 1889, na 1891 akafariki. Wengine wanawaona wanakijiji kama watu wenye roho mbaya, mimi siwezi kuwahukumu haraka hivyo. Malisho na msitu ndo vilikuwa benki yao, chakula chao, mahari yao, na wakimpa mmoja mwenye hela wangewapa wote watakaokuja nyuma yake. Na wala hawakukaa tu kulalamika, jumuiya ikajenga hoteli yake yenyewe, Zermatterhof, ikafunguliwa 1879, na mpaka leo ni mali ya jumuiya. Familia za zamani, kina Perren, Julen, Biner, Lauber, Taugwalder, bado utayaona majina yao kwenye mabango ya maduka na hoteli mtaani.

Treni ilifika lini?

Reli ya kutoka mji wa Visp, chini bondeni, ilifika 1891. Miaka saba baadaye, 1898, ikafunguliwa ile ya kupanda Gornergrat mpaka mita 3,089, inatumia umeme na ina reli yenye meno katikati ili isiteleze, ilikuwa ya kwanza ya umeme ya aina hiyo Uswisi. Kabla ya hapo ulipanda kwa miguu, nyumbu, au ukabebwa kwenye kiti na wanaume wa kijiji. Hao wabebaji wamo kwenye picha za zamani, waangalie.

Na skii? Nilidhani ndo ilianza kwanza.

Wengi wanadhani hivyo. Zermatt ilikuwa ya kiangazi tu, baridi ikianza hoteli zinafungwa na treni inasimama kwa sababu ya maporomoko ya theluji. Msimu wa baridi wa 1927 kwenda 1928 Hermann Seiler, wa familia ile ile, akaleta kundi la Waingereza, treni ikaishia St. Niklaus, kijiji cha njiani, kipande kilichobaki wakavutwa kwa sleji. Ilipoonekana inawezekana reli ikaanza kukingwa na miaka michache baadaye treni ikawa inafika mwaka mzima. Siku hizi kuna waya unaokupandisha mpaka Klein Matterhorn, kilele cha jirani chenye mita 3,883, na watu wanateleza hata Julai.

Ni kweli hakuna magari?

Kweli. Gari lako unaliacha Täsch, kilomita 5 chini, unapanda treni dakika 12. Kijijini kuna vigari vidogo vya umeme, vya hoteli, vya mizigo, teksi, vingine vimekaa kama kabati lenye magurudumu. Wananchi wamepigia kura swala la barabara zaidi ya mara moja na msimamo umebaki ule ule. Ila angalia nyuma yako unapotembea, vile vigari havina sauti.

Kuna wanawake kwenye hii historia au ni wanaume tu?

Wapo, na wangestahili ukuta mkubwa zaidi. Félicité Carrel wa upande wa Italia alijaribu 1867 akabakiza kama mita mia moja tu, na pale alipofikia panaitwa kwa jina lake mpaka leo. Lucy Walker, Mwingereza, ndiye mwanamke wa kwanza kufika kileleni, tarehe 22 Julai 1871, miaka sita tu baada ya ile ajali, akiwa amevaa sketi. Mwaka 1965, miaka mia baada ya kupandwa mara ya kwanza, Mswisi Yvette Vaucher akawa mwanamke wa kwanza kupita ukuta wa kaskazini, ule ule walioangukia wale wanne.

Na usisahau waliobaki kijijini, wanaume wakiwa mlimani na wageni, nani alikata nyasi na kukamua ng'ombe?

Ukuta wa kaskazini ulipandwa na nani kwanza?

Ndugu wawili wa Munich, Franz na Toni Schmid, 1931. Hawakuwa na hela ya treni, wakaja na baiskeli kutoka Ujerumani, wakapanda, wakarudi na baiskeli. Mwaka uliofuata wakapewa medali ya Olimpiki.

Matterhorn ni mrefu kuliko Kilimanjaro?

Hapana, 4,478 kwa 5,895. Lakini usiwaze kwa urefu. Kibo unatembea mpaka juu kwa njia ya kawaida, huku unashika mwamba kwa mikono saa nyingi na pembeni hakuna kitu. Wamekufa zaidi ya watu 500 pale tangu 1865.

Kuna mwongoza njia wa karibuni ambaye anakumbukwa?

Ulrich Inderbinen. Alizaliwa Zermatt mwaka 1900, akafa 2004, ukihesabu utaona ameishi karne tatu. Alipanda Matterhorn zaidi ya mara 370, na mara ya mwisho alikuwa na miaka 90. Alikua kijijini wakati bado ni ng'ombe na rai, akafa kijijini wakati ni maduka ya saa. Ukitaka kuelewa Zermatt imebadilika kwa kasi gani, maisha ya huyu mzee mmoja yanatosha.

Na mambo mabaya yanasemwa, au ni sifa tu?

Mji wowote wa utalii una kitu usichopenda kukumbuka. Hapa ni 1963, homa ya matumbo iliyopita kwenye maji, wakaugua zaidi ya watu 400, wenyeji na wageni, wengine walishaondoka wakaugulia kwao. Hoteli zilikuwa zimeongezeka haraka kuliko mabomba. Kijiji kilifungwa katikati ya msimu. Mimi naona hili ni la kufundishwa kwa kila mji unaojenga vitanda kabla ya kujenga maji safi na maji taka.

Kuna kitu cha zamani zaidi ya hapo?

Njia ya Theodul. Ni upenyo wa mita kama 3,300 wa kwenda Italia, watu na nyumbu wamepita hapo tangu enzi za Warumi, sarafu za Kirumi zimeokotwa huko juu. Na kuanzia 1984 barafuto likaanza kutoa mifupa ya mwanaume aliyekufa mnamo mwaka 1600, na upanga wake, bastola, na sarafu. Kwanza walimwita askari mamluki, baadaye wataalamu wakaona huenda alikuwa tu mtu mwenye uwezo aliyesafiri. Vitu vyake viko makumbusho ya historia ya jimbo, mjini Sion, usivitafute Zermatt.

Nahitaji muda gani, na tiketi je?

Saa moja na nusu inatosha, mbili ukisoma kila kitu. Kutoka stesheni unafuata mtaa mkuu moja kwa moja mpaka kanisani, dakika kumi za kutembea taratibu. Unalipa kwa faranga za Uswisi. Saa za kufungua zinabadilika kwa msimu, na miezi ya katikati, skii imeisha na kiangazi hakijaanza, mambo mengi kijijini yanafungwa, kwa hiyo hakikisha kabla ya kwenda. Maelezo yapo kwa lugha kadhaa, Kiswahili hakimo.

Watoto watachoka?

Hawachoki na nyumba, wanaingia na kutoka. Kwenye kamba waeleze kwanza, maana ni habari ya vifo na wao watauliza maswali ya wazi kabisa.

Nikitoka hapo niende wapi?

Usikimbilie treni ya juu. Toka, zunguka kanisa, makaburi ya wapanda milima yako hapo hapo, la Croz na la Hadow yapo, soma miaka yao kwenye mawe. Tafuta na kumbukumbu ya akina Taugwalder, baba na mwana, wageni wengi wanaipita bila kusimama. Kisha nenda Hinterdorf, mtaa wa zamani, dakika chache tu, maghala yenye yale mawe ya panya yako wima palepale yalipojengwa. Weka kiganja kwenye mbao zake mchana jua likiwa limepiga, zinanukia utomvu bado.